Mwajiri wa Mwisho

"Futa kwenye wasifu kila kitu kilichozidi miaka kumi na mitano," mkutubi alisema. "Wakishajua umri wako, hawasomi mstari wa pili."

Verna alifuta. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali ikaondoka, pamoja na cheti cha mfanyakazi bora. Mikono iliyobabuka kwa dawa za kufulia ilibaki pale pale, juu ya kibodi cha maktaba ya Toledo. Kwenye ukurasa ilibaki kazi moja ya dukani, halafu pengo.

"Miaka hii sita ulikuwa wapi, dada?"

"Nyumbani, namuuguza mama. Mpaka alipofariki, Machi."

"Pole sana. Basi iandike kama kazi. Ukiacha pengo watadhani ulifungwa."

"Si nilifungwa kweli," Verna alisema, akacheka kwa uchovu.

Aliandika: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumwogesha, kumlisha kwa kijiko. Ukurasa ukajaa.

Tovuti ya kuombea kazi iliupokea wasifu, kisha, kama zilivyo zote, ikaanza kuuliza yale yale upya. Mwajiri wa mwisho? Verna aliandika jina la mama yake. Msimamizi? Jina lile lile.

"Alikuwa mkali?" mkutubi alimtania.

"We acha tu."

Likaja swali jingine: Je, tunaweza kuwasiliana na mwajiri huyu?

Mkutubi alinyoosha mkono kwenye kipanya, abonyeze "Hapana" wamalize.

Verna akaushika ule mkono.

"Subiri," alisema. "Usibonyeze kwanza."