Cherehani ya Barabara ya Saba

Kila Juni afisa wa jiji huja mtaani kwetu na kitambaa cheusi. Nyumba kongwe hubaki ikiwa mwenyeji wake anaweza kuipita macho yamefungwa, toka barazani hadi uani, bila kugusa ukuta. Akigusa, inavunjwa, ghorofa linajengwa.

Mwaka huu yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho iliyobaki Barabara ya Saba.

"Kaza vizuri, mwanangu," Bibi Mwanahawa alimwambia afisa. "Usije ukasema nimechungulia."

"Bibi, hata nikikuacha macho wazi huoni."

"Basi unanifungia nini?"

Nilimfuata nimebana pumzi. Katikati ya ukumbi, mahali patupu kabisa, alijipinda pembeni hadi bega likakaribia ukuta.

"Mbona unazunguka?" afisa aliuliza.

"Nisiikwae cherehani ya mume wangu."

Cherehani hiyo iliuzwa kabla sijazaliwa.

Alifika uani salama. Afisa aligonga muhuri, kisha akanigeukia. "Mwakani ni wewe, dada. Aliyetimiza themanini haruhusiwi tena."

Mimi nilisoma shule za bweni. Nyumba hii naijua kwa likizo tu. Sasa kila alasiri Bibi hunifunga kanga usoni, hukaa uani kwenye kibao chake cha mbuzi, cha kukunia nazi, na kuniita taratibu, kama alivyoniita nilipojifunza kutembea.

Jana nilifika bila kugusa popote. Bibi alipiga kigelegele. Nilifungua kanga, nikageuka. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na nyayo zangu mbichi zilikuwa zimeizunguka cherehani.