Mstari wa Kushoto

"Wenye leseni ya kufundisha, kulia kwangu. Wengine wote, kushoto," alisema afisa elimu kutoka Newala mjini, daftari mkononi.

Nilikwenda kushoto, nikasimama na mlinzi. Barua yangu ya ajira inasema mpishi. Tangu serikali isimamishe ajira za walimu, huu ni mwaka wa nne napika uji alfajiri, kisha nafundisha darasa la kwanza.

Kulia alisimama mtunza stoo wetu, maana yeye ana leseni, ingawa hafundishi. Kati yetu zilikuwa hatua sita tu. Nilizitamani kuliko mshahara. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwa chaki, nikavificha ndani ya khanga.

"Vumilia, Mama Salmini," mwalimu mkuu alininong'oneza.

Ndipo darasa la kwanza liliporudi kutoka mapumzikoni, midomo imelowa maji ya mabibo. Watoto wakaona watu wazima wamepanga mistari. Wakaja mbio, wakajipanga nyuma yangu, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, kama nilivyowazoesha kila asubuhi. Mlinzi akasogea kuwapisha.

Afisa alipekua daftari mbele, akalipekua nyuma.

"Hawa, mwalimu wao ni nani?"

Watoto wote wakaninyooshea vidole.