Chupa Iliyo Juu ya Kabati

Mama Pacha alikuwa akiimba. Mumewe alisimama mlangoni mwa jikoni, mkoba wa kazi ungali begani, akamsikiliza kama mtu anayesikiliza injini iliyoanza kugonga. Mwanamke aliyezoea kurudi kutoka kiwanda cha nguo na kusinzia juu ya sahani, leo anaimba.

Chanzo alikijua. Kilikaa juu ya kabati, ndani ya boksi la manjano: chupa ya vitamini za maji ambayo mkewe aliinunua kwa mchuuzi langoni mwa kiwanda. Boksi lilijinadi kwa herufi kubwa: nguvu mpya kwa waliochoka na wenye shughuli nyingi.

"Na ndani yake kuna nini?" alikuwa ameuliza siku ile, akilisoma boksi bila kulishika.

"Si imeandikwa, Baba Pacha."

"Hata mizani iliyochezewa imeandikwa kilo."

Alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, mtu wa msimamo, ambaye wenye maduka walimwita Risasi kwa sababu ya lakiri ndogo za risasi alizozifunga kwenye mizani ili isifunguliwe kwa hila. Kazini alikuwa na kanuni moja isiyopinda: mkaguzi hagusi kielelezo kabla hajamshuhudia mtuhumiwa akikitumia. Ukikigusa mapema, umempa la kujitetea. Kwa kanuni hiyo hiyo hakuligusa boksi. Tangu siku ile ile aliamua kulilinda.

Akaanza kuamka kabla ya mkewe. Ili asionekane mlinzi ndani ya nyumba yake mwenyewe, alijitafutia shughuli pale jikoni: akawasha jiko, akachemsha maji ya kuoga, akapika uji. Pacha walipoamka wakilia, aliwahi kuwachukua, wasije wakamwamsha mama yao kabla yeye hajajipanga. Akawaogesha na kuwavika, jicho moja likiwa kwenye kabati. Mama Pacha alitoka chumbani jua limekwisha kuchomoza, akaketi, akanywa uji wake, akaaga.

Boksi hakulisogelea.

Basi labda anakunywa jioni, mkaguzi aliwaza. Akaanza kuwahi kurudi nyumbani. Akaihamishia pasi jikoni, akaosha vyombo hata vilivyokuwa safi. Hata mara moja hakumwona akinywa, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Kinachonywewa kwa siri namna ile hakiwezi kuwa vitamini.

Na Mama Pacha alizidi kunawiri. Weusi chini ya macho ulimtoka. Kiwandani walimpa usimamizi wa safu nzima ya cherehani, cheo alichokitamani tangu kabla ya kuolewa. Dada yake mkaguzi alipowatembelea, alimtazama wifi yake juu mpaka chini.

"Wifi, unakula nini siku hizi? Umerudi usichana."

Mama Pacha aliinua macho kwenye kabati. "Ile chupa, wifi yangu. Sikutegemea ingenifaa kiasi hiki."

"Basi nami ninunulie. Mwenzio nimechoka hadi kwenye kope."

"Kwako haitafanya kazi. Mumeo anaamini kila anachoambiwa."

Wakacheka, wakagongeana viganja. Mkaguzi hakucheka. Aliendelea kusugua sufuria, akiyapima maneno yale. Miaka yote aliyokagua maduka, aliyezungumza kwa mafumbo ndiye aliyekuwa na cha kuficha.

Asubuhi iliyofuata, mkewe alipokwenda kiwandani na dada mtu akabaki na pacha, aliivunja kanuni yake. Alilitia boksi ndani ya mfuko wa karatasi bila kulifungua, akaenda nalo moja kwa moja duka la dawa. Njiani alikwisha kukata shauri: ikipatikana humo dawa ya kusisimua, Mama Pacha ataacha kazi kiwandani siku hiyo hiyo, cheo au si cheo. Alimpenda kupita kiasi cha kumwachia ateketee akiimba.

Mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani iliyoteremka puani, alimsikiliza hadi mwisho.

"Mkeo anakunywa kiasi gani?"

"Kiasi cha kumfanya aimbe."

"Umemwona akinywa?"

"Ni mjanja. Lakini nguvu zake naziona, na kabla ya chupa hii hakuwa nazo. Nataka uipime, uniambie kuna nini humu."

Mfamasia aliitoa chupa ndani ya boksi, akaiinua penye mwanga, akaiinamisha taratibu. Akatazama kifuniko kwa muda. Kisha akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikasimama mbele ya mgeni wake.

"Samahani, mzee wangu. Umesema kazi yako ni ipi?"

"Kukagua lakiri."

"Basi kagua hii."

Mkaguzi alinyoosha mikono yake, iliyokuwa bado ikinukia sabuni ya vyombo, akaishika chupa kwa mara ya kwanza. Chini ya kifuniko, pete ya plastiki ilikuwa nzima, haijakatika hata jino moja.