Kinyozi wa Mtaa na Kinyozi wa Mtaani

"Sema 'nimeteleza,'" mkewe alimshauri. "'Mimi ni mwizi' ni neno zito mno asubuhi yote hii."

Mumewe alikuwa mbele ya kioo, amevaa koti alilofungia ndoa, anajizoeza kuomba radhi. Koti lilimbana kwapani. Miaka mitatu ya kukaa kitako mbele ya kompyuta ilikuwa imemwachia vitu viwili tu: kitambi, na gemu moja iitwayo Kinyozi wa Mtaa.

Gemu yenyewe ni ya kunyoa. Mteja anakaa, anaeleza mtindo anaoutaka kwa maneno yasiyoeleweka, nawe unashika mashine na kumwomba Mungu. Alipoanza kuiuza kwa watu wa kompyuta, mashine ya kunyolea ilikuwa inaingia sikio hili na kutokea la pili. Watu wakalalamika. Akarekebisha siku hiyohiyo, akaharibu nyusi. Wakalalamika tena. Muuguzi mmoja alimwandikia kila Jumatatu. Dereva mmoja wa lori akamfundisha jinsi upara unavyong'aa. Hivyo ndivyo alivyokua, mdogomdogo, kwa kukosolewa na watu wasiomjua. Mama mkwe, aliyembandika jina la Injinia tangu amtengenezee simu ikafa moja kwa moja, kila akija aliuliza mlangoni: "Injinia bado anacheza?"

Kisha ikamwingia tamaa ya konsoli, zile mashine za gemu za kuchomeka kwenye runinga. Huko hakuna cha kurekebisha siku hiyohiyo. Kuna fomu, ukaguzi na barua za kurudishwa. Ukikosea kitufe kimoja, unasubiri wiki tatu. Lakini watu wa huko ni wengi, na wananunua huku wamejilaza kwenye kochi.

Tatizo lilikuwa moja. Kwenye konsoli kulikuwa na gemu nyingine ya kunyoa, ya mama mmoja mwenye ofisi na wafanyakazi, na ilikuwa imeuzwa vizuri kwa miaka miwili. Iliitwa Kinyozi wa Mtaani.

"Badilisha jina," mkewe alimwambia wakati ule.

Hakubadilisha. Alisingizia uchovu wa kujaza fomu upya. Moyoni alijua fika: anayemtafuta wa Mtaani huenda akamwangukia wa Mtaa.

Na wakamwangukia kweli. Walionunua wiki ya kwanza walizidi wa miaka yote mitatu ya kompyuta. Mkewe alicheza jikoni na mwiko mkononi. Yeye alisoma maoni ya wanunuzi, akanywea. "Hatimaye nimeipata yenyewe," mmoja aliandika. Mwingine: "Kumbe ndiyo hii."

"Maskini ya Mungu," alimwambia mkewe. "Wanadhani wamenunua ya yule mama."

"Au wameipenda."

"Mke wangu, gemu yangu naijua mimi. Nyusi zenyewe mpaka leo hazijakaa sawa."

Akaishi hivyo miezi miwili, anakula jasho la mwenzake na kujieleza peke yake bafuni. Sifa ikimjia, aliikwepa kama mtu anayekwepa maji ya dimbwi. Halafu ikaja barua fupi: yule mama anaomba waonane.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Ilikuwa na madawati manne. Mawili yalikuwa na watu, mawili yamebaki na nyaya tu.

"Wale wawili nimewafukuza mimi," Injinia aliwaza, na koti likazidi kumbana.

Yule mama alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vizuri. Kando yake aliketi mwanamume mwenye miwani, faili mapajani.

"Huyu ni wakili wangu," alisema. "Karibu, mdogo wangu. Keti."

Injinia hakuketi. Alihofia mshono wa mgongoni. Akayatoa yote akiwa wima, kabla hajasahau.

"Dada, nimeteleza. Jina nililiacha makusudi, nikijua wateja wako watapotea njia waje kwangu. Wamekuja. Sistahili hata mmoja wao. Niko tayari kubadilisha jina leo, na niwaandikie wote kwamba walikuwa wakikutafuta wewe. Nipe chochote, nitasaini."

Wakili na yule mama wakatazamana. Halafu wakili akafungua faili, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, akaitelezesha mezani.

"Ni hilo hilo la kubadilisha jina tu," alisema kwa upole. "Saini hapo chini."

Injinia alichukua kalamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alihisi kifua kimefunguka. Akainama, akaanza herufi ya kwanza.

Mkono wa yule mama ukaja juu ya karatasi, ukaishika kalamu, ukaivuta taratibu kutoka vidoleni mwake.

"Usimwambie," wakili alisema.

"Nitamwambia. Mtu amesimama mbele yangu ananiomba radhi mimi, nitalala vipi?" Alimgeukia Injinia, lakini hakuweza kumtazama usoni. "Mdogo wangu, watu walisikia sifa za gemu yako kwa wenzao wa kompyuta, wakaja kuitafuta kwenye konsoli, wakakuta yangu. Ile 'ni' ya mwisho niliiongeza makusudi. Na tangu wiki uliyoingia wewe, hakuna anayekosea tena."