Mwenyeji wa Mnoa Visu

Maiti ya mnoa visu ilifikishwa makaburini adhuhuri, ndani ya sanda ya msaada. Kaburi lilikuwa tayari, lakini Mzee Chande, mchimbaji, aliegemea jembe lake akakataa mazishi yaendelee.

"Mwenyeji wake nani?"

Watu wakamgeukia Mwinyimvua, mwenye gesti. Jana umati uliomuua mnoa visu ulipofika ukipiga kelele kwamba yule mgeni ni mumiani, mnyonya damu, yeye ndiye aliyetoa ufunguo wa chumba namba nne. "Msinivunjie mlango tu," alisema.

"Mimi nilimpangisha chumba, mzee. Undugu naye sina."

"Nani kakuuliza undugu?" Mzee Chande hakupandisha sauti. "Kabla ya hizi gesti zenu, aliyelaza wageni aliitwa mwenyeji, yaani mwenye mji. Mgeni hana mji hapa. Aliyempokea ndiye mji wake. Akija kuulizwa, anaulizwa kwako. Akifa, unashuka kaburini kumpokea. Haya, shuka."

Mwinyimvua akavua viatu, akashuka. Wanaume wanne wakamteremshia maiti. Sura zao alizijua, maana ndio waliopokea ufunguo. Akampakata mgeni wake, mwepesi kuliko alivyodhani, akamlaza kwa ubavu wa kuume, akafungua kamba za sanda.

Kisha akainua mkono ili wamvute atoke.

Hakuna aliyeinama. Wote walikuwa wanautazama ule mkono uliotoa ufunguo.