Nafasi Kando ya Mama

"Sheria ya ukoo gani, baba mkwe?" mjane aliuliza, mkono juu ya jeneza la mumewe. "Serikali ilifuta vyeo vyenu kabla hujazaliwa. Huo umwanamfalme wako ni jina la kwenye kitambulisho, basi."

"Aliyeoa nje ya tabaka letu halazwi katika kaburi hili la ukoo," Leuthold alisema. "Mwanangu alijua."

"Alijua. Kila Krismasi ulimwalika peke yake, mimi muuza mikate nibaki na tanuri langu. Hakuja. Leo amekuja, unamfukuza?"

Juu ya jeneza palilazwa koti la kazi la mwanawe, na unga ulikuwa umeganda kwenye mishono ya mikono. Leuthold alivua glavu, akaukwangua kwa ukucha. Haukutoka.

Katika ukuta wa kaburi la ukoo, chini ya kanisa, ilibaki nafasi moja, kando ya marehemu mkewe. Jina la Leuthold lilikwisha kuchongwa kwenye jiwe lililoifunika.

"Fundi, toa jiwe hilo," Leuthold alimwambia mwashi aliyekuwa akisubiri kando.

"Lakini mzee, hapo ni pako."

"Toa."

Leuthold akashika jeneza upande wa kichwani.

"Shika huko miguuni, mwanangu," alimwambia mjane.