Pedeli ya Tatu

Siwema alipofika gereji na mumewe, alikuta chini ya usukani wa gari lao pameongezwa pedeli ya tatu.

"Hiyo ndiyo klachi, shemeji," alisema fundi Chande, akijifuta grisi. "Mambo ya oto, gari kujibadilishia gia lenyewe, yamekwisha. Sasa ni gari la gia, gari la wanaume!"

Hamdani, mumewe, akacheka. Nyumbani alikuwa amemwambia gia boksi ya oto imekufa. Siwema akaiona pembeni, juu ya gunia.

"Na hiyo mbovu utaipeleka wapi, fundi?"

"Mbovu? Nzima kabisa, haina hata mlio! Nilimuuliza bwana, unaitoa ya nini?"

Kicheko cha Hamdani kikakatika. Siwema hakujua kuendesha gari ila la oto, na hilo ndilo lililomfikisha kwa mama yake mgonjwa, ng'ambo ya mto, kila alipoitwa. "Mke wangu kaota magurudumu," Hamdani alizoea kuwatania majirani, naye Siwema akicheka pamoja nao.

"Haya, zunguka upande wa pili, twende," Hamdani akasema.

Siwema akaketi kwenye usukani. Akavua kiatu cha kushoto, mguu ambao siku zote ulikaa bure, akaikanyaga klachi.

"Litakuzimikia, watu wakucheke."

"Wacha wacheke, Baba Nasra."

Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Akaliwasha tena. Likasogea kwa kushtukashtuka kuelekea getini, Hamdani akitembea kando yake, mkono juu ya paa, na fundi asijue kama analisukuma au analizuia.